Wanafunzi 24, leba moja: kugawa mazoezi bila kumwonea mwanafunzi wala mama

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mkunga katika hospitali ya wilaya mkoani Kigoma na nimepewa kazi ya kusimamia wanafunzi wa mazoezi wodi ya wazazi. Jumatatu ijayo tunapokea 24 kwa wiki sita, 14 wa utabibu na 10 wa uuguzi na ukunga. Tunazalisha wastani wa akina mama watano kwa siku. Kundi lililopita, wengine waliondoka na uzazi zaidi ya kumi kwenye logibuku, yaani daftari la kurekodi mazoezi, wengine watatu tu, na hao wa watatu walinifuata siku ya mwisho kuniomba sahihi. Wavulana wanasema akina mama wanawakataa. Wasichana wa utabibu wanasema wanatumwatumwa. Wawili wenyeji wanaojua Kiha wanasema wamegeuzwa wakalimani. Sitaki kumwonea mtu, ila wagonjwa ni wale wale na mimi ni mmoja. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mkunga. Kabla ya kuuliza nani anapendelewa, chukua kalamu tupige hesabu, maana sehemu kubwa ya malalamiko hayo huanzia hapo.

Akina mama watano kwa siku, kwa siku 42, ni 210. Wote hao si wa mwanafunzi. Toa wanaopasuliwa, toa mapacha, mtoto aliyetanguliza matako na mama mwenye kifafa cha mimba. Toa pia anayeshuka kwenye bodaboda kichwa cha mtoto kimeshaonekana, na anayesema hataki mwanafunzi. Ukikadiria kwa tahadhari kwamba nusu ndiyo inabaki, una uzazi 105 wa kugawia watu 24. Ni minne kwa kila mmoja na chenji kidogo. Aliyemaliza na zaidi ya kumi alichukua fungu lake na la wenzake. Na kama logibuku ya chuo inadai kumi kwa kila mwanafunzi, basi inadai uzazi 240, zaidi ya wote wanaojifungulia hapo hata ukihesabu na waliopasuliwa. Logibuku ya namna hiyo haiwezi kujazwa kwa ukweli. Wakufunzi wengi huwalaumu wanafunzi kwa kughushi, na kughushi ni kosa, lakini hesabu yenyewe imewasukuma huko kabla hawajavaa sare.

Kwa hiyo hatua ya kwanza iko mezani, wala haiko wodini. Andika barua fupi kwa vyuo vyote viwili kupitia mganga mfawidhi, uweke hesabu hiyo kama ilivyo: uzazi tulionao, unaofaa mwanafunzi, idadi tunayoweza kuihudumia. Pendekeza wanafunzi wanne au sita wapelekwe vituo vya afya vyenye mkunga anayekubali kusimamia. Huko uzazi ni mchache, lakini sehemu kubwa ni wa kawaida, kwa sababu wenye matatizo hupewa rufaa kuja kwako. Ila usimpeleke mwanafunzi mahali ambapo mkunga ni mmoja usiku na mchana. Ataachiwa mama peke yake.

Sasa saa. Zamu ya asubuhi, kuanzia saa moja na nusu hadi saa tisa na nusu, ni saa nane kati ya 24, yaani theluthi ya siku. Uchungu unaoanza wenyewe haungoji asubuhi, na uzazi mwingi huangukia usiku na alfajiri. Mwanafunzi anayekuja asubuhi tu anagombea uzazi kama 35 kati ya ule 105, pamoja na wenzake wote. Hapo ndipo wale wa watatu walipotokea. Ukichunguza utakuta wanaokosa usiku ni wale wale: aliyepanga chumba cha bei nafuu mbali na hospitali, asiye na nauli ya bodaboda ya saa mbili usiku, binti anayeogopa njia, mwenye mtoto mchanga nyumbani. Hakuna aliyepanga kuwaonea, ratiba imefanya kazi hiyo yenyewe.

Gawa wanafunzi makundi manne ya sita sita. Kundi moja liwe asubuhi, moja jioni, moja usiku, moja mapumziko. Kila baada ya siku tatu zamu isogee. Duru moja ni siku 12, na duru tatu ni siku 36, hivyo kila kundi limepata usiku tisa sawasawa. Siku sita zinazobaki usizigawe mapema. Ziwe za waliobaki nyuma. Wanaoingia jioni wafike mchana, wanaolala zamu waondoke kukiwa kumekucha, asiwepo wa kusafiri gizani. Ongea na mganga mfawidhi mpate chumba chenye kufuli na godoro kwa ajili ya zamu hizo, cha wasichana mbali na cha wavulana. Ukikosa chumba, ratiba hii itawaumiza wasichana kuliko ile ya zamani, kwa hiyo usiianze kabla hakijapatikana.

Sita ndani ya leba kwa wakati mmoja ni wengi mno. Watatu waingie leba, watatu wabaki wodi ya waliojifungua. Ni nani hao watatu? Hapa ndipo penye kiini cha jibu langu: usichague kwa kumtazama mtu, chagua kwa ubao. Kwa kawaida, mkunga akiwa na haraka humwita aliye karibu, na aliye karibu ni mchangamfu, anayejulikana jina, mtoto wa mtumishi mwenzetu, au aliyeshafanya mara nyingi kwa hiyo hatatuchelewesha. Kila mara huyo anazidi kuwa hodari, na yule wa nyuma anazidi kuogopa. Nia njema haitoshi kuvunja mzunguko huo, kwa sababu anayeusababisha hauoni.

Tengeneza ubao wa manila ukae chumba cha wauguzi, ndugu wa wagonjwa wasiuone. Majina 24 kwenda chini, na kwenda kulia kazi tano tu: kupima njia ya uzazi na kujaza patogramu (chati ya mwenendo wa uchungu), kuzalisha, kumhudumia mtoto mchanga dakika ya kwanza, kuweka kanula, kushona msamba. Kwenye kila kisanduku cha ubao mwanafunzi anaandika herufi: O akiwa ameona, S akiwa amesaidia, F akiwa amefanya mwenyewe mkunga akiwa pembeni. Herufi hizi ni za lazima. Logibuku nyingi huhesabu “uzazi” bila kutofautisha, na aliyeshika taa anaandika sawasawa na aliyepokea mtoto. Mtaalamu wa elimu ya tiba George Miller wa Marekani aliandika mwaka 1990 kwamba kuna kujua, kujua namna ya kufanya, kuonyesha kwamba unaweza, na kufanya kazini. Kundi lako lililopita yawezekana wote walijua. Tofauti yao ilikuwa ngazi ya mwisho.

Wakati wa kupokezana zamu, dakika tatu zinatosha kusoma ubao kwa sauti: wenye F chache zaidi za kuzalisha ndio wanaoingia leba. Fanya hivyo kila zamu, hata siku ambayo hakuna anayelalamika.

Sahihi ziwekwe zamu ile ile, na aliyekuwepo. Mwanafunzi aandike namba ya mama kama ilivyo kwenye rejista ya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), kitabu namba 12, bila jina la mama. Ukitaka kuhakiki, chukua namba tatu za kubahatisha ukafungue rejista: tarehe ipo? Njia ya kujifungua ni ya kawaida? Namba hiyo hiyo imetumiwa na wangapi? Uzazi mmoja una F moja tu. Dalili za ulaghai hazijifichi: kurasa nzima za wino mmoja, sahihi moja kwa mwezi mzima, uzazi wa “saa nne asubuhi” kila siku.

Wasiwe chini ya watatu wenye ruhusa ya kusaini kila zamu. Mahali ambapo sahihi yote iko mkononi mwa mtu mmoja, mtu huyo anaweza kuidai bei yake, na kwa wasichana bei hiyo mara nyingi huwa ni mwili. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitambua rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Namba ya TAKUKURU ni 113, haina malipo. Iandike ukutani siku ya kwanza, uisome mbele ya wanafunzi na mbele ya wafanyakazi wenzako, watumishi wa kiume wakiwemo.

Wavulana kukataliwa. Mama ana haki ya kukataa, na hapaswi kuulizwa mara ya pili wala kuhudumiwa vibaya kwa sababu hiyo. Lakini angalia ombi linavyofanywa. Kijana anajitokeza mama akiwa kwenye uchungu mkali, hajamjua, kavaa glovu tayari, anasema “mimi ni mwanafunzi, naomba nikuzalishe.” Hata mimi ningekataa. Fanya hivi: mama akipokelewa tu, apewe mwanafunzi wake, na wewe ndiye umtambulishe, mama mkwe au shangazi aliyemsindikiza akiwa anasikia. “Mama, huyu ni mwanafunzi wetu, anaitwa fulani. Atakaa na wewe, atakupima presha, atasikiliza mapigo ya mtoto. Ukifika wakati, tutakuwa wote wawili, mimi siondoki. Unakubali? Ukisema hapana, utahudumiwa vilevile.” Kisha kijana akae naye kweli: ampe maji, amsugue kiuno akiruhusiwa, asikilize mapigo kila nusu saa. Mama aliyekaa na mtu saa tano hamkatai kirahisi kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Wapo watakaokataa bado, na hilo liheshimiwe. Mwanafunzi huyo apewe mama mwingine, na ubao utamkumbuka.

Hapo kwenye kumhudumia mama pana haki ya pili ambayo swali lako halikuigusa, nami naona ina uzito sawa na ile ya wanafunzi. Nani anajifunziwa? Mama wa wodi ya kawaida, aliyekuja na kanga mbili kutoka kijijini, hupimwa njia na wanafunzi watatu kwa zamu, kila mmoja “nami nione.” Mke wa mkubwa aliyelala chumba cha malipo hapimwi na mwanafunzi hata mmoja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unasema uchungu wenye kasi huanza njia ikiwa imefunguka sentimita 5, na kipimo cha kawaida ni kila baada ya saa nne. Kila kidole cha ziada kinaongeza maumivu na hatari ya maambukizi. Weka sheria: kwa kila kipimo, mwanafunzi mmoja tu, yule wa mama huyo, kisha mkunga anahakiki. Mwanafunzi aseme jibu lake kwanza kabla hujapima, ndipo mnalinganisha. Mazoezi ya kukadiria sentimita yafanyike mezani, kwa matundu yaliyokatwa kwenye kadibodi ya boksi, kuanzia 1 hadi 10, macho yamefungwa. Na ombi la mwanafunzi liende vyumba vya malipo pia, kwa maneno yale yale. Wengine watakubali. Thieta nako, mama akubali kabla ya kaputi, siyo akiwa amelala.

Kuhusu F yenyewe: unapomwachia mwanafunzi azalishe, vaa glovu zako na usimame upande wake. Kubalianeni neno moja kabla, mfano “nipishe.” Ukilisema, anatoka bila kuuliza, mjadala baadaye. Utalisema mapigo ya mtoto yakishuka chini ya 110 kwa dakika au kupanda juu ya 160 na kubaki huko, mabega yakikwama, damu ikizidi, au mtoto akitoka halii na mwanafunzi ameganda. Oksitosini, dawa ya kuzuia mama asivuje damu, yuniti 10 iwe imevutwa mapema, kwa sababu inatakiwa ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, baada ya kuhakikisha hakuna pacha, na ambu, mfuko wa kumpumulisha mtoto, iwe imejaribiwa. Wakunga wengi hunyang’anya kazi mapema kwa woga, hasa kwa mwanafunzi wanayemdhania mzito. Vigezo vikijulikana, unanyang’anya kwa sababu ya mtoto tu.

Wasichana wa utabibu. Sikiliza wodi yako kwa siku moja: binti wa utabibu anaitwa “sista,” kijana wa uuguzi anaitwa “dokta,” na wote wanaitika. Halafu kwenye raundi daktari anamgeukia kijana kuuliza mpango wa matibabu, binti anaagizwa akalete faili. Beji kubwa yenye kada na jina, yenye kusomeka kutoka mlangoni, inasaidia kidogo. Kinachosaidia zaidi ni sheria ya raundi: aliyemchukua mgonjwa maelezo ndiye anayemwasilisha na ndiye anayeulizwa, hata akisitasita, na wengine wanangoja sekunde kumi kabla ya kudakia. Kazi za kutumwa, yaani kupeleka sampuli maabara, kufuata damu, kutandika vitanda, ziwe na orodha yake ukutani kwa zamu, wavulana na wasichana, utabibu na uuguzi. Ni kazi halali na kila mtu azijue. Shida ni zinapomwangukia mtu mmoja saa ile ile mtoto anapozaliwa.

Wenyeji wawili wa Kiha wanastahili kuombwa radhi. Wao ndio wanaowawezesha wengine kuchukua maelezo kwa bibi kutoka Buhigwe asiyejua Kiswahili, halafu F inaandikwa kwa jina la mwingine. Kuanzia sasa, anayetafsiri kwa mama ndiye mwanafunzi wa mama huyo. Akitafsiri kwa mama wa mwenzake, mama anayefuata ni wake. Na siku ya pili ya mazoezi, wapewe saa moja mbele ya wote wafundishe sentensi 20 za Kiha: salamu, unaumwa wapi, uchungu umeanza lini, pumua, sukuma, usisukume, naomba ruhusa nikuguse. Waandikiwe saa hiyo kama kazi ya kufundisha. Mwanafunzi kutoka Moshi au Lindi akiingia kwa “mwakeye” amepokelewa nusu tayari.

Lugha nyingine inayoumiza ni Kiingereza. Aliyesoma shule ya kata anaweza kuwa na mkono mwema na jicho kali, akaganda kwenye raundi kwa kutafuta neno. Anaonekana hajui. Kitandani, mbele ya mgonjwa, raundi ya wanafunzi ifanyike kwa Kiswahili, mgonjwa naye asikie kinachosemwa juu yake. Maandishi ya faili yaendelee kwa Kiingereza, na hapo ndipo umsahihishe, kwa faragha. Alama za lugha zisichanganywe na alama za utabibu.

Glovu na nyuzi. Mahali ambapo kila mwanafunzi anajinunulia, mwenye boksi mfukoni ndiye anayefanya. Chuo kitoe glovu kwa idadi ya wanafunzi, zikae stoo moja ya wodi. Hili liingie kwenye barua ile ile. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada, fani za afya zikiwemo, lakini si wote wanaopata, na fedha zikichelewa usiulize mbele za watu nani hana.

Kushona msamba hakuwezi kumfikia kila mmoja kwa mama, kwa hiyo tumia sponji ya godoro kwa wiki ya kwanza, kisha ulimi wa ng’ombe kutoka buchani, uliopasuliwa sentimita 4 hivi, ukioshwa na kutumiwa siku hiyo hiyo, kwa vifaa visivyorudi kwa wagonjwa. Ulimi una tabaka laini na nyama chini yake, mwanafunzi anajifunza kutoacha nafasi iliyokufa, yaani pengo chini ya mshono, na akiiacha anaiona mwenyewe. Kama una anayetumia mkono wa kushoto, usimlazimishe kulia. Kishikio cha sindano kimetengenezwa kifunguke kwa gumba la kulia, kwa hiyo mfundishe kukifungua kwa kusukuma kwa kiganja, sindano aielekeze upande wa pili, na wewe umwelekeze ukiwa umesimama mkabala naye ili akuone kama kwenye kioo. Wengi wao huitwa wazembe kumbe vifaa ndivyo visivyowaelekea.

Mtihani wa mwisho usiwe wa mgonjwa mmoja mmoja. Mmoja anapewa mama kijana mwenye Kiswahili kizuri, mwingine bibi mwenye shinikizo, sukari na masikio mazito, halafu mnalinganisha alama. Mtihani wa vituo, ambapo wote hupita vituo vile vile kwa zamu, alioubuni Ronald Harden kule Dundee, Uskochi, akauandika mwaka 1975, ulikusudiwa kuondoa bahati hiyo. Kwako vituo sita vinatosha, dakika sita kila kimoja na moja ya kuhama: dakika 42 kwa wanafunzi sita kwa pamoja, mizunguko minne, saa 2 na dakika 48 umewamaliza wote. Orodha ya kusahihishia iandikwe kabla, msahihishaji mmoja abaki kituo kimoja hadi mwisho. Msahihishaji anayejuana na mwanafunzi aseme mapema, abadilishwe.

Siku ya 21 kaa na ubao. Mwenye F ya kuzalisha chini ya mbili, mwite peke yake, muulize kwanza nini kinamzuia kabla hujamwita mvivu. Huenda ni mjamzito, anafanya kibarua, au kuna mtu wodini ambaye yeye anamkwepa. Kisha piga simu chuoni wiki hiyo hiyo ya tatu, wakati bado kuna la kufanya. Atakayefika siku ya 42 hajatimiza, andika idadi yake ya kweli, na chini yake: “Hajafikia, nashauri aongezewe wiki mbili, na apewe zamu za usiku.” Saini hapo, na nakala moja ibaki kwenye faili la wodi.